Karoli wa Austria, Mwenyeheri Aliyeshindwa

Tumsifu Yesu Kristo! Naona akina mama wa WAWATA wamejaa huku mbele, na akina baba wamebanana mlangoni kama kawaida yao. Karibuni.

Mfalme ninayewaletea leo alishindwa. Kaisari Karoli wa Austria, ambaye pia alikuwa mfalme wa Hungaria, alitawala miaka miwili tu. Alirithi vita ambavyo hakuvianzisha, Vita vya Kwanza vya Dunia, akatafuta amani asiipate, dola ikamvunjikia mikononi, akafia ugenini akiwa na miaka 34. Siasa haina cha kumsifia. Hata hivyo, tarehe 3 Oktoba 2004 Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri, hatua ya mwisho kabla ya kutangazwa mtakatifu.

Alishika utawala Novemba 1916, alipofariki mzee Franz Joseph, kaisari aliyemtangulia. Machi 1917 akaandika barua ya siri ya kutafuta amani, ikapelekwa Ufaransa na shemeji yake, Sixtus. Kumbukeni, miezi hiyo babu zetu huku walikuwa wanabebeshwa mizigo ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza, wakifa njiani kwa njaa na kuhara. Vita ni vile vile. Barua haikuzaa kitu. Mwaka uliofuata Clemenceau, waziri mkuu wa Ufaransa, akaianika hadharani, na Karoli akayakana yaliyomo mbele ya Wajerumani, washirika wake vitani. Nalisema hili makusudi, maana tuna tabia ya kuwapaka wenyeheri wetu rangi mpaka sura zao zinapotea.

Tarehe 11 Novemba 1918 aliachia shughuli za serikali, lakini taji hakulivua. Alipovikwa lile la Hungaria kule Budapest alikuwa amekula kiapo mbele ya Mungu. Ndiyo maana mwaka 1921 alijaribu kurudi huko mara mbili. Mara ya pili, Oktoba, risasi zikaanza kulia karibu na Budapest, watu wakafa. Akawaamuru waliokuwa upande wake waache. Kiti cha enzi kilikuwa mbele yake, naye akageuka. Hapo mimi hunyamaza kidogo.

Mataifa yaliyoshinda vita yakampeleka uhamishoni Madeira, kisiwa cha Ureno. Fedha ziliisha, familia ikahamia nyumba ya kuazima kule Monte, juu mlimani, penye ukungu na unyevu. Machi 1922 akashikwa na mafua, yakawa nimonia. Zita, mkewe, alikuwa na mimba ya mtoto wa nane. Karoli akaomba aletwe kwake Otto, mtoto wao wa kwanza, mwenye miaka 9, aone namna Mkatoliki anavyokufa. Alifariki tarehe 1 Aprili.

Kuna aliyeniuliza hapo nje kuhusu muujiza uliomfikisha kwenye uenyeheri. Ni wa mtawa Mpolandi aliyekuwa Brazil, aliyeteswa na ugonjwa wa mishipa ya miguu.

Mimi kilichonigusa zaidi ni kalenda. Wenyeheri wengi tunawaadhimisha siku waliyokufa. Karoli anaadhimishwa tarehe 21 Oktoba, siku aliyofunga ndoa na Zita mwaka 1911. Inasimuliwa kwamba alimwambia mchumba wake kuwa sasa wana kazi ya kusaidiana kufika mbinguni. Zita alivaa nguo nyeusi za ujane mpaka alipofariki mwaka 1989. Yeye amezikwa Vienna, mume yuko Madeira hadi leo, ila mioyo yao imehifadhiwa pamoja kwenye abasia ya Muri, Uswisi.

Haya, maswali. Tuanze na akina baba wa mlangoni.