Mtoto Aliyelilia Jina

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Filamu tuliyoitazama sasa hivi, Birth, ilitoka 2004, na mwongozaji wake ni Mwingereza, Jonathan Glazer. Nimewasikia mlioko nyuma mkiguna mtoto yule alipodai kuwa ndiye Sean, marehemu mume wa Anna. Mguno huo ndio nataka tuuzungumze.

Maana bibi yangu kule Magu alikuwa akiniita "mume wangu" mbele za watu, na hakuna aliyeguna. Nina jina la babu. Nikichelewa kurudi kutoka ziwani, ananiuliza nimelala kwa mke gani. Huku Usukumani kichanga kikilia siku mfululizo, wazee husema kinalilia jina. Yatatajwa ya waliotangulia, moja moja, mpaka kinyamaze. (Mimi nasikia nilinyamaza kwenye la nne.) Je, bibi aliamini mimi ndiye mumewe? Hakuamini, hakukana. Alitania, na ndani ya utani ule akapata pa kumkumbukia mtu wake.

Anna hana pa kutania. Mumewe alianguka akikimbia kwenye theluji ya Central Park. Miaka kumi imepita, anakaribia kuolewa na Joseph, mara anatokea mtoto wa miaka kumi. Katika ukoo ule wa kitajiri wa New York nani atasema, "Bibi harusi, mume mkubwa kaja, mtafutie soda"? Mtoto ama ni mwongo, ama ni Sean kweli.

Kumbukeni pale kwenye opera. Wamechelewa, wanakaa, muziki wa Wagner unanguruma, na kamera inaganda usoni mwa Nicole Kidman, anayeigiza Anna, karibu dakika mbili. Hasemi neno. Anaingia akiwa na shaka, na kabla kamera haijamwachia ameshaamini. Nimeirudia mara nyingi sehemu hiyo, na bado sijaukamata ule wakati anaovuka.

Halafu zinakuja barua ambazo Anna alimwandikia mumewe: mwanamke aitwaye Clara alizifukia, mtoto akazifukua. Wengi hufunga kesi hapo. Mimi naona barua zinaeleza mtoto alijuaje, hazielezi Anna aliaminije. Na uchungu zaidi ni huu: marehemu alikuwa na Clara kwa siri, kwa hiyo mtoto anajiondoa akisema hawezi kuwa Sean, kwa kuwa yeye anampenda Anna.

Tuliokuwepo hapa Mwanza Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama, tunamfahamu Anna. Waliozikwa Igoma wana kaburi la kuzuru. Wengine ziwa halikuwarudisha. Mama mmoja jirani yetu Kirumba alikaa miaka bila kukomea mlango wa uani. Arobaini ilishapita, matanga yalishaanuliwa, ubani ulishagawanywa. Ukimuuliza, anasema komeo limeshika kutu.

Naona mama wa mstari wa mbele amenyoosha mkono tangu Anna alipoingia baharini na shela lake. Mpelekeeni kipaza sauti.