Tiba Mtandao Bwindi: Daktari wa Mbali na Mkono wa Karibu

Waheshimiwa wageni, ndugu wahudumu wa afya, mabibi na mabwana, nashukuru kupewa nafasi ya kuzungumzia tiba mtandao, yaani ushauri wa daktari aliye mbali kwa njia ya simu, katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Bwindi nchini Uganda. Huko mtalii wa kigeni hulipa dola 800 za Marekani ili akae saa moja na gorila wa milimani, ilhali mpagazi anayembebea mkoba huenda anaishi ng'ambo ya bonde ambako homa ya mtoto ikipanda usiku hakuna daktari wa kumwamsha.

Ushauri wa daktari kupitia hewani haukuletwa na simu za mkononi. Shirika la afya la AMREF, lililoanzishwa mwaka 1957 kwa huduma ya madaktari wa ndege, lilitumia pia redio za mawasiliano kufikia hospitali za mbali Afrika Mashariki. Jambo tunalolisahau ni kwamba daktari wa redioni alizungumza na muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda, na hapo ndipo penye hoja yangu yote.

Chukueni mtoto wa miezi minane anayekohoa. Daktari aliye mjini Mbarara hawezi kumshika, lakini mhudumu wa kijiji aliyefundishwa vizuri atamwomba mama ampakate mtoto mpaka atulie, atainua fulana, atatazama kifua na tumbo vikipanda na kushuka, kisha atahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukatiza. Pumzi zikifika 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, nimonia inashukiwa. Kwa aliyetimiza mwaka mmoja na hajafika mitano, kiwango ni 40. Kifua kikibonyea kwa ndani kila anapovuta pumzi, apelekwe kituoni bila kungoja. Hesabu hiyo, ikisemwa simuni kwa utulivu, humsaidia daktari kuliko picha kumi zilizopigwa gizani. Tena mhudumu huyo ndiye atakayemfafanulia mama kwa Rukiga, lugha ya huku, maana daktari huenda anajua Kiingereza na Luganda tu.

Yapo yasiyotibika kwa simu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anahitaji sindano, mikono na hospitali. Hata hivyo, simu inaweza kuwaita wabebaji wa engozi, ile machela ambayo vyama vya vijiji vya eneo hili la Kigezi vimewabebea wagonjwa milimani kwa vizazi, na kuwaarifu wauguzi waandae chumba kabla mama hajafika barabarani.

Sheria inazirudishia jamii jirani asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi. Naona ni haki kabisa sehemu ya fedha hizo inunue sola, betri na vifurushi vya intaneti vya wahudumu. Vilevile, tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12. Sheria imeisamehe data ya huduma za matibabu, nami naomba msamaha huo umfikie hata mhudumu anayenunua kifurushi dukani kwa fedha zake.

Sasa nitapokea maswali, na ningependa yaanze kwa wahudumu wa vijiji walioketi kule nyuma, kwa kuwa ndio watakaoshika simu hiyo usiku.