Jinsi ya Kupiga Picha za Muheme Bila Kulificha Bati

Mbukwenyi! Hiyo ndiyo salamu ya Wagogo, na ndiyo hatua ya kwanza ya kupiga picha za ngoma yao ya muheme leo hapa Chamwino, mkoani Dodoma. Ijifunze kabla hujafungua zipu ya mkoba wa kamera.

Ukifika kijijini, kamera ibaki mkobani. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, kisha omba upelekwe kwa kiongozi wa kikundi cha ngoma. Sema wazi picha zinakwenda wapi: mtandaoni, gazetini au ukutani kwako. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, uso wa mtu ni wake. Akikataa, shukuru na umwache. Mambo ya jando na unyago usiyaguse, hata kama kuna kijana anakwambia hakuna shida. Yana wenyewe.

Pili, chagua muda. Huku mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi. Ukija Januari utawakuta watu mashambani wanapalilia mtama na uwele. Njoo Juni au Julai, baada ya mavuno. Fika mapema uzoeleke, ila mwanga wenyewe usubiri kuanzia saa kumi na moja jioni. Jua la saa saba linatia kivuli kizito machoni, na nyuso zote zinaonekana zimenuna.

Sasa tuje kwenye muheme, ngoma ya kina mama. Usisubiri waanze kucheza. Sogea pale penye moto. Unaona ngoma zilivyolazwa, ngozi zikitazama joto? Zinapashwa ili zikaze. Mwangalie huyu mama: anagonga ngozi kwa vidole, anatega sikio, anairudisha motoni. Anagonga tena. Hapo piga. Wapiga picha wengi wakati huu wanakunywa soda pembeni, na mimi naona ndiyo picha nzuri kuliko zote za siku.

Wakianza, ngoma inabanwa katikati ya mapaja na viganja vinakwenda mbio. Piga magoti, uwe kimo kimoja na ngoma. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kuingiza mwanga, iwe 1/500 ya sekunde ukitaka mkono utulie. Ishushe hadi 1/30 ukitaka viganja vitoke kama moshi. Kwa simu, gusa uso wa mpigaji kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka kipimo cha mwanga kijifunge. Ukiiacha simu ipime anga, watu watatoka weusi tii kama vivuli. Vumbi likitimka usibadilishe lenzi; funika kamera kwa kanga.

Hatua inayofuata nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma, upande wa Bahi, nilimwomba mama mmoja aondoe dumu la maji, avue fulana na ajifunge kaniki. Nikamsimamisha mbele ya tembe (nyumba ya asili ya udongo yenye paa bapa) la jirani lililobomoka ili nyumba yake ya bati isionekane. Nilipompelekea picha aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mbona nyumba yangu haipo?" Bati lile alilinunua kwa karanga za misimu mitatu.

Kwa hiyo usimvue mtu nguo, usifiche dumu, usiikwepe paneli ya sola iliyo juu ya tembe. Kijana anapiga zeze amevaa jezi ya Yanga? Mpige na jezi yake. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alipiga ilimba, ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya, mbele ya maikrofoni na taa za umeme, na muziki ukabaki wa Kigogo. Fulana ya mama yule ingeharibu nini?

Kabla hujaondoka, uliza majina ya ngoma na wimbo, na maana ya maneno yanayoimbwa. Yaandike wanavyoyatamka wenyewe; lugha yao wanaiita Cigogo, kwa C. Hifadhi maelezo hayo pamoja na faili za picha, usiyategemee kichwani.

Mwisho, chapisha picha pale mjini na uzirudishe kwa mkono wako. Kuwatumia kwa simu hakutoshi, wazee wengi hawataziona. Yule mama wa Bahi nilimrudia, nikampiga upya mlangoni kwake, dumu pembeni, bati likiwaka jua la jioni. Ameichomeka kwenye fremu ya kioo chake, na nikipita huwa ananionyesha kama vile sijawahi kuiona.