Usipige Rangi Ngumu Kama Kioo Kwenye Vizingiti: Rangi ya Sehemu za Chini za Gari la Zamani

REHEMA: Haya, karibuni tena kwenye kipindi. Mimi ni Rehema, niko na Fundi Salim kama kawaida, na leo nimekuja na kesi.

SALIM: Kesi ya nani tena?

REHEMA: Yako, fundi. Uliniambia nisipige klia ngumu, ile ya juu isiyo na rangi inayong'aa, kwenye vizingiti vya Peugeot 504 yangu, yaani bati za pembeni chini ya milango. Nikaenda nyumbani sikulala. Kama nataka rangi idumu, si nichukue iliyo ngumu kuliko zote?

SALIM: Dada, hapo nilishaanguka mimi kabla yako. Nilikuwa na gari langu mwenyewe, vizingiti nimevipiga klia tabaka nne, nikavipigia msasa wa maji, nikavipolishi mpaka ukijitazama unachana nywele. Miezi mitatu ya barabara ya changarawe, nyuma ya tairi la mbele kote madoa madoa, kama limeugua surua.

REHEMA: Pole. Lakini kwa nini?

SALIM: Jiwe haliji na kiganja, linakuja na ncha. Nguvu yote inatua mahali padogo kama punje ya mtama. Rangi ngumu haijui kubonyea, inapasuka, na kipande kikiruka kinaondoka na tabaka za chini yake. Baada ya hapo maji yanaingia pembeni ya lile tundu na kutu inatambaa chini ya rangi ambayo wewe bado unaiona nzima. Boneti na paa wape ugumu, huko adui ni jua na vitambaa vichafu. Huku chini tunataka kitu kinachopokea pigo halafu kinarudi.

REHEMA: Kama mpira.

SALIM: Kama mpira, ila mpira unaokubali kupakwa rangi juu yake. Na unene nao una kazi. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, rangi yenyewe na klia, kwa kawaida ni kama mikroni 100 hadi 150. Hiyo ni nywele moja au mbili za kichwa chako. Ile ya kukinga mawe, yenye vipele, inaweza kuzidi hapo mara kadhaa.

REHEMA: Ndiyo ile niliyokuwa naiona kwenye magari ya Kijerumani ya miaka ya 1970 na 1980? Chini ya milango kuna vipele vipele kama ganda la chungwa. Nilidhani fundi alikuwa mlevi.

SALIM: (anacheka) Hapana, vilitoka kiwandani hivyo. Ndiyo maana anayerudisha gari kama lile katika hali yake ya asili hapaswi kuvisaga vikawa laini. Akisaga ameondoa kinga na ameondoa uasili kwa mkono mmoja.

REHEMA: Basi nipange tabaka kuanzia kwenye bati.

SALIM: Bati safi kabisa, kutu imeondoka. Sisemi imefunikwa. Halafu praima ya epoksi ya makopo mawili, ile unayochanganya na hadina yake, yaani dawa ya kuigandisha. Praima nyingi za kawaida zina vitundu vidogo zinapitisha unyevu, epoksi ikikauka inaziba vizuri sana. Juu ya epoksi ndipo unaweka puti ya kujazia mabonde, kama lazima. Usiweke puti juu ya bati tupu huko chini. Puti ina unga wa talki ndani, inakunywa maji, na ikishakunywa inakaa nayo imegusana na chuma.

REHEMA: Na ile praima ya asidi? Fundi mmoja aliniambia niipige kwanza ndiyo nije na epoksi, nipate nguvu mbili.

SALIM: Hizo ni nguvu mbili zinazopigana. Watengenezaji wengi wa epoksi wanakataa kupigwa juu ya asidi, kwa sababu asidi inaweza kuiharibu isikomae sawasawa. Soma karatasi ya maelezo ya bidhaa yako. Hiyo hiyo itakwambia una muda gani wa kupiga tabaka inayofuata. Ukipitisha muda, epoksi imeshafunga uso wake, itabidi uikwaruze na msasa ndipo kinachofuata kishike. Nimeona koti ya vipele ikibanduka kama ganda la ndizi kwa sababu mtu alienda harusini akarudi baada ya siku tano akaendelea tu.

REHEMA: Harusi ilikuwa nzuri lakini?

SALIM: Hilo sikuuliza. Twende: baada ya epoksi, maungio yote ya bati yanapakwa gundi ya kuziba mishono, ndiyo tunakuja na koti ya kukinga mawe. Hapa watu wanachanganya makopo. Kuna ya lami, kuna ya mpira ambayo haikauki kabisa, na kuna ya poliyurethani, aina ya plastiki, inayokauka na kupakwa rangi. Kwa sehemu inayoonekana, chukua hii ya tatu. Ya lami ukiipiga rangi juu, rangi itapasuka na doa la kahawia litapanda.

REHEMA: Mimi lami naijua. Vizingiti vyangu vilikuja na lami ya mwenye gari wa zamani, nyeusi, nzuri, ngumu. Nikagonga na bisibisi, ikaingia mpaka mpini.

SALIM: Lami ikizeeka inakauka, inapasuka, inaachana na bati. Katikati panabaki nafasi, maji yanaingia na hayatoki. Inakuwa kitambaa kibichi ulichomfunga mgonjwa. Na gari kama 504 halina fremu ya peke yake chini ya bodi, bodi yenyewe ndiyo inabeba. Kizingiti kikioza si suala la urembo tena, hapo unatafuta mchomeleaji kabla ya mtu wa rangi.

REHEMA: Nilimtafuta, na mfuko wangu unamkumbuka. Rangi yenyewe sasa, ya juu ya vipele. Yangu ni nyeupe.

SALIM: Una bahati. Rangi isiyo na metaliki, yaani chembe zinazometa, piga ya tabaka moja ya hadina, isiyohitaji klia. Ikichubuka unachukua brashi ndogo, unagusa, na kwenye vipele hakuna atakayeona. Mwenye metaliki hana raha hiyo: zile chembe zinalala tofauti kwa brashi na kwa bunduki ya rangi, kila kiraka kinajitangaza. Mimi nikichagua rangi ya chini najiuliza kwanza nitaitengenezaje ikichubuka, kwa sababu itachubuka.

REHEMA: Wanaopaka nyeusi isiyong'aa wamekwepa hilo?

SALIM: Kiasi, na inalifanya gari lionekane limekaa chini zaidi. Ila haipolishiki. Ukiisugua inapata mabaka yanayong'aa. Na ipakwe pale ambapo gari hilo linaikubali. Kuna magari yalitoka hivyo, mengine utayavalisha viatu vya mtu mwingine.

REHEMA: Na ile rangi ngumu ya kukinga sehemu ya mizigo ya pikapu? Mtandaoni kila mtu anaimwaga.

SALIM: Inastahimili kweli. Tatizo langu nayo ni siku ya kuitoa. Kutu ikianza chini yake huioni, na ukiiona utaisaga mpaka mkono ufe ganzi. Kwa gari la kazi, sawa. Kwa gari unalotaka kumwachia mwanao, siipendi. Halafu usiniulize rangi ya unga, ile inaokwa kwenye joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi. Huwezi kuingiza bodi iliyojazwa puti na madini ya risasi humo. Vipande vinavyofunguka, mabano na kadhalika, peleka.

REHEMA: Na plastiki ile angavu, ya kubandika?

SALIM: Filamu ya poliyurethani. Asili yake ni jeshi la Marekani, walikinga nayo mapanga ya helikopta wakati wa vita vya Vietnam. Nzuri nyuma ya tairi, kwenye bati laini. Juu ya vipele haishiki.

REHEMA: Kabla hatujaachana, wanaopiga wenyewe nyumbani.

SALIM: Hapa sitanii. Hadina nyingi za rangi hizi zina kemikali iitwayo isosayaneti. Inaleta pumu, na ukishaipata unaweza kushindwa kukaa hata karibu na anayepiga. Barakoa ya kitambaa si chochote, na hata yenye kichujio cha mkaa usiiamini kwa sababu mvuke huo hauna harufu ya kukuonya ukianza kupenya. Inatakiwa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Huna? Tayarisha bati wewe, mpe mwenye chumba cha rangi apige.

REHEMA: Nitafanya hivyo. Kwa hiyo epoksi, mishono, vipele, nyeupe. Nimemaliza?

SALIM: Umemaliza nje. Kizingiti ni bomba, dada, na kikulacho ki nguoni mwako. Maji yanapita kwenye raba za vioo, yanashuka ndani ya mlango na kwenye nguzo, yanakaa humo. Rangi ikishakauka kabisa, nyunyiza nta ya majimaji ndani kwa mpira mrefu wenye tundu la pembeni, mpaka uione inadondoka kwenye matundu ya chini.

REHEMA: Matundu gani?

SALIM: Ya kutolea maji. Usiniambie.

REHEMA: Mchomeleaji alisema yanaharibu sura.

SALIM: Ameyaziba?

REHEMA: Vizuri sana. Mpaka amesaga.

SALIM: Kesho njoo na gari. Na usiguse epoksi kwanza, nakuja na drili.