Laki tatu zaidi, kazi iko Arusha na wewe unalala Moshi: piga hesabu hii kabla hujasaini

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu wa Arusha na Moshi, mambo vipi. Leo salamu fupi, tuingie kwenye swali, maana kila video ninayoweka linarudi lile lile: "Nimepata kazi inalipa zaidi, ila ni mbali. Niende au nibaki?" Mmoja yuko Moshi kaitwa Arusha. Mwingine anakaa Ngaramtoni kaitwa Usa River. Mwingine yuko Boma Ng'ombe, njiani kati ya Moshi na Arusha, hajui ageukie wapi.

Na najua kitakachofuata. Nikitaja euro, najisifu. Nikitaja makato, nalalamika. Na wapo watakaosema wewe uko Ujerumani, nauli ya Coaster inakuhusu nini? Inanihusu, kwa sababu wanaouliza ni watu wangu, na kinachowaumiza ni kile kile kila mara: wanalinganisha mshahara wa kwenye barua na mshahara wa kwenye barua. Hela ya kwenye barua haifiki mfukoni yote. Nitakayosema ni makadirio, kila mtu na mazingira yake. Chukua kalamu, weka namba zako.

Tuseme unalipwa 850,000 Moshi. Arusha wanakuahidi 1,150,000. Laki tatu juu. Wote ni sekta binafsi, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, unakatwa asilimia 10. Kazi ya sasa: NSSF 85,000, inabaki 765,000 ya kutozwa kodi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, hapo ni 68,000 jumlisha asilimia 25 ya kilichozidi 760,000, yaani 69,250. Mkononi unapokea 695,750.

Kazi mpya: NSSF 115,000, inabaki 1,035,000. Sasa umevuka milioni, na juu ya milioni kila shilingi inakatwa asilimia 30. PAYE inakuwa 128,000 jumlisha 10,500, jumla 138,500. Mkononi 896,500. Toa ile ya zamani: laki tatu yako imekuwa 200,750. Na bado hujapanda gari.

Kama unadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inapanda pamoja na mshahara. Hapo unapoteza 45,000 nyingine, ongezeko linabaki 155,750. Hili watu wengi hulisahau kabisa, halafu mwezi wa kwanza wanaishika slipu ya mshahara hawaamini.

Sasa barabara. Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Nauli nitaweka 4,000 kwa safari kama mfano. Wewe weka unayolipa. Kwenda na kurudi 8,000, mara siku 22 za kazi, ni 176,000. Daladala za mjini nimechukulia zinagharimu sawa kazi zote mbili, 1,200 kwa siku, kwa hiyo hazibadilishi tofauti. Toa 176,000 kwenye 200,750. Zinabaki 24,750. Mwenye mkopo wa Bodi hana hata hiyo: yeye anaingia hasara ya 20,250 kila mwezi, kwa kazi iliyomwongezea laki tatu. Na sijaweka chakula cha mchana, maana ukiwa mbali na nyumbani mama lishe ndiye anayekulisha.

Watu wengi wanaishia hapo kwenye hela. Mimi naomba mhesabu na saa. Ofisi ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa 9. Kwa kazi ya Moshi, nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Kwa Arusha usihesabu muda ambao gari linatembea tu. Hesabu kutoka mlango wa nyumbani hadi mlango wa ofisi: boda hadi stendi, kusubiri Coaster ijae, kushusha na kupakia Boma Ng'ombe, Kikatiti, Usa River, halafu daladala ya mjini. Nitaweka saa mbili na robo kila upande, na hiyo ni siku nzuri. Unatoka kwako saa kumi na mbili kasorobo alfajiri. Unarudi saa moja na robo usiku, watoto wameshakula.

Hizo ni saa 4 na nusu kwa siku, saa 99 kwa mwezi. Gawanya kwa siku ya kazi ya saa 9: siku 11. Unafanya siku 11 za kazi juu ya zile 22, na hizo 11 hakuna anayekulipa.

Sasa gawanya hela kwa saa zote ulizotoka nyumbani. Moshi: 695,750 toa daladala 26,400, gawanya kwa saa 220. Unapata kama 3,042 kwa saa. Arusha: 896,500 toa nauli zote 202,400, gawanya kwa saa 297. Unapata 2,337. Mshahara umepanda, bei ya saa yako imeshuka. Ili saa moja ya Arusha ilingane na saa moja ya Moshi, mshahara wa kwenye barua inabidi ufike karibu 1,480,000. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo kwenye mazungumzo, na ujue pia kwamba ukishafika kiwango hicho, kila laki moja wanayokuongezea inakupa 63,000 tu mkononi: 10,000 NSSF, 27,000 kodi.

Tuwe wa haki. NSSF haijapotea, ni yako, na mwajiri anaweka asilimia 10 yake juu. Katika mfano huu, kila mwezi mfuko wako unapata 60,000 zaidi ya kazi ya zamani. Lakini hiyo huwezi kulipia ada ya Januari.

Wapo wanaosema nitaomba posho ya usafiri. Omba, ila uliza inalipwaje. Ikija kama fedha taslimu pamoja na mshahara inaingia kwenye kodi. Posho ya 176,000 kwenye kiwango cha asilimia 30 inaacha 52,800 TRA. Basi la wafanyakazi ni bora kuliko posho, hata kama linakuchukua Boma Ng'ombe na si mlangoni kwako.

Wenye gari nawaomba msikilize vizuri. Kilomita 160 kwa siku, mara 22, ni kilomita 3,520 kwa mwezi. Gari la kilomita 10 kwa lita linakunywa lita 352. Angalia bei mpya ya mafuta ya EWURA, lakini hata tukiweka 2,500 tu kwa lita, ni 880,000. Karibu mshahara wote. Mkiwa wanne mnachangia inakuwa 220,000 kila mmoja, bado zaidi ya Coaster. Na sevisi ya kila kilomita 5,000 inakufikia kila wiki ya sita.

Barabara yenyewe mnaijua kuliko mimi. Nitasema moja tu: angalia unaelekea upande gani na saa ngapi. Njia nne zipo kuanzia Sakina hadi Tengeru, baada ya hapo ni njia mbili na vijiji vya kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo. Siku za soko Tengeru, Jumatano na Jumamosi, ongeza muda. Anayekaa Arusha na kufanya kazi Usa River asubuhi anatoka mjini wakati wenzake wanaingia, huyo kilomita zake ni nyepesi. Kilomita 20 za kwenda na wimbi na kilomita 20 za kwenda kinyume nalo si kitu kimoja.

Kuhamia je? Chumba cha 70,000 Arusha, mwenye nyumba anataka miezi sita, dalali mwezi mmoja. Unahitaji 490,000 kabla ya mshahara wa kwanza, kabla ya godoro na jiko. Baada ya hapo kodi ya chumba na safari nne za wikiendi ni 102,000 kwa mwezi badala ya 176,000, na unarudishiwa zile saa. Kwa asiye na familia Moshi, mimi ningefikiria hili mapema. Kwa mwenye watoto, sisemi kitu, hiyo ni ya ndani.

Na hapa Ujerumani, kwa sababu mtaniuliza: kwa kawaida hatulipwi nauli. Kuna punguzo la kodi kwa umbali wa kwenda kazini, upande mmoja tu. Mpaka 2025 lilikuwa senti 30 kwa kilomita 20 za kwanza, senti 38 kuanzia ya 21. Hilo linapunguza kipato kinachotozwa, hawakupi pesa hiyo mkononi. Tiketi ya mwezi ya treni za mikoani ilianza euro 49 mwaka 2023, ikawa 58 mwaka 2025. Na aliyekuja kwa kibali cha kazi mara nyingi hahami kama anavyotaka: mara nyingi karatasi ya kibali ina jina la mwajiri, mwanzoni inabidi ofisi ya wageni iridhie kwanza, na wewe unasubiri barua huku kazi mpya inasubiri jibu. Kwa hiyo mnaposema "ninyi huko mnabadilisha kazi kama shati", inaniuma, sio kweli.

Kabla hujasaini, fanya safari ya majaribio Jumatatu moja, kwa saa zile zile, sio Jumapili. Andika: umetoka saa ngapi, gari limeondoka saa ngapi, umefika saa ngapi. Jioni subiri hadi gari la kurudi, uone zimebaki ngapi stendi. Ikiwezekana rudia mvua za masika.

Halafu makaratasi. Usiandike barua ya kuacha kazi kwa ahadi ya simu. Subiri mkataba uliosainiwa. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi. Ukiondoka bila notisi wanaweza kukukata. Ukiacha mwenyewe, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka hukidai, hicho ni cha anayeachishwa. Siku za likizo ulizobakiza zidai, na cheti cha utumishi pia. Na kumbuka, miezi sita ya mwanzo kwa mwajiri mpya kinga ya kuachishwa isivyo haki bado haijakufikia, kwa hiyo usilipe kodi ya nyumba ya mwaka mzima Arusha mwezi wa kwanza. Barua yako ya notisi toa nakala mbili, moja waipokee, ya pili wakugongee muhuri na tarehe, ukae nayo.