Ukitajiwa Bei kwa Kiurdu

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na lile linalowaponza wengi. Mtu anakariri ek, do, teen, yaani moja, mbili, tatu, mpaka mia. Anaingia sokoni Karachi, Pakistan, anauliza, “Yeh kitne ka hai?”, hiki bei gani? Muuzaji anamjibu, “Dhai sau.” Katika zile namba alizokariri, dhai haimo.

Dhai ni mbili na nusu, na sau ni mia. Kwa hiyo dhai sau ni 250. Moja na nusu nayo ina jina lake, derh: derh sau ni 150, derh hazar ni 1,500. Kuanzia tatu, “na nusu” ni sarhe, nayo hutangulia namba: sarhe teen sau ni 350. Ndivyo bei zinavyotajwa dukani, kwenye bajaji na kwa muuza matunda. Mizani nayo ni hivyo hivyo: derh kilo ya nyama ni kilo moja na nusu, na pao ni robo kilo.

Sisi tunasema saa mbili kasorobo. Kiurdu nacho kina kasorobo yake, paune, ila kinaipeleka hadi kwenye fedha. Paune do sau ni mia mbili kasoro robo ya mia, yaani 175.

Sasa kuna neno moja naomba mlishike sana: sawa. Kwao maana yake ni “na robo”. Sawa sau ni 125, sawa do sau ni 225. Mswahili akiambiwa “sawa do sau” anadhani muuzaji amekubali mia mbili, anazitoa, kisha anashangaa anadaiwa ishirini na tano zaidi. Wengine hufikia kugombana hapo, na hakuna aliyedanganya.

Kwenye fedha kubwa tuna nafuu, maana laki yetu asili yake ni lakh ya Bara Hindi. Tofauti iko kwenye maandishi: wao, wakihesabu kutoka kulia, huweka mkato baada ya tarakimu tatu, kisha baada ya kila mbili, 1,00,000. Laki mia ni karor moja, milioni 10 kwa hesabu yetu. Nyumba ya Lahore ikitajwa sarhe teen karor, hiyo ni rupia milioni 35.

Kuomba kupunguziwa nako kuna adabu yake. Mwambie, “Bhai sahib, kuch kam karein,” kaka, punguza kidogo. Semeni karein, msiseme karo. Karo ni ya kumwambia rafiki au mdogo wako. Kwa mtu mzima usiyemjua ni kumkosea heshima, na bei haitashuka. Muuzaji mwanamke mwite baji, dada.

Haya, tujaribu. Nataja bei, mnijibu kwa sauti. Paune teen sau?