Kemikali Hukamatwa Wapi: Uwanja wa Ndege au Dukani?

Mabibi na mabwana, nadhani wengi wenu mmewahi kunyang'anywa chupa ya maji kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege mkabaki mnanung'unika. Chanzo chake kinajulikana. Tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitangaza kuwakamata watu waliokula njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki, kwa vilipuzi vya majimaji vilivyofichwa katika chupa za vinywaji. Msingi wake ulikuwa kemikali iitwayo haidrojeni peroksaidi. Vimiminika vikapigwa marufuku papo hapo, kisha mwaka huohuo masharti yakalegezwa: vyombo vya mililita 100, ndani ya mfuko angavu wa lita 1.

Kwa nini kiasi, na si aina? Kwa sababu eksirei za kawaida huona umbo na msongamano wa kitu, na kwake maji na peroksaidi hukaribiana mno. Ndiyo maana chupa ya mililita 200 iliyobakiwa na matone mawili hutupwa. Mkaguzi husoma maandishi ya chupa, hapimi kilichomo. Na abiria watatu wakikusanya vichupa vyao baada ya ukaguzi? Hapo kanuni haina jibu zuri, tuseme ukweli.

Kwa maoni yangu, ulinzi wenye meno uko kwenye kaunta ya muuza kemikali. Peroksaidi hupausha nywele na kuua vijidudu, kwa hiyo huwezi kuifuta sokoni. Unachoweza kudhibiti ni ukali wake. Tangu Februari 2021, kanuni ya Umoja wa Ulaya inakataza kumuuzia mtu wa kawaida peroksaidi inayozidi asilimia 12 bila kibali. Muuzaji akimshuku mteja anayebabaika akiulizwa matumizi, au anayeng'ang'ania kulipa fedha taslimu nyingi, anatakiwa kutoa taarifa ndani ya saa 24. Mtu huyo hunaswa kabla hajafika hata karibu na ndege.

Siku hizi zipo skana zinazopiga picha kutoka pande nyingi na kukadiria kilichomo chupani, na baadhi ya viwanja vimeondoa kikomo cha mililita 100. Lakini Septemba 2024 Umoja wa Ulaya ulikirudisha kwa muda, hata penye skana hizo. Kwa hiyo usishangae kuondoka na chupa kubwa kiwanja kimoja, halafu ukapokonywa hiyohiyo wakati wa kurudi.